Gunia la Asubuhi, Gunia la Mchana

"Hapana, hakuniacha kwa sababu mimi ni Mlutheri na yeye Mkatoliki. Na siyo pombe ya ulanzi, na siyo mwanamke mwingine, maana huyo mwanamke mwingine ni wewe, na wewe ulikuja miaka miwili baadaye. Kwa hiyo menya viazi vyako kwa amani, mdogo wangu."

Hivyo ndivyo nilivyomwambia mjane wa Alfonsi kule Kifanya, siku ya pili ya msiba, na yeye wala alikuwa hajaniuliza kitu. Tulikuwa nyuma ya nyumba wanawake saba tumezunguka beseni, manyunyu yanaanguka, moshi wa kuni mbichi unatutoa machozi ambayo wenyewe hatukuwa nayo. Mimi nilitoka Njombe mjini, nakaa mtaa wa Ramadhani siku hizi, nimefika na kanga yangu na kilo tano za mchele, nikakaa chini nikachukua kisu. Wakaanza kunitazama. Mimi mtu akinitazama mara moja najua ananiona, mara mbili najua ananichunguza, mara tatu namjibu. Mjane akasema kwa sauti yake ile ya kanisani, "Mimi sijasema kitu, dada." Nikamwambia, "Hujasema, ila kisu chako kimesimama." Akacheka kidogo, wenzake wakashtuka kuona mfiwa anacheka. Akasema, "Basi sema mwenyewe. Maana yeye miaka yote hiyo nilimuuliza kuhusu Tabita wa Makambako, akawa anajibu: lile ni jambo la mizani." Wakasogeza vigoda. Niliwapunguzia, kwa sababu msibani mtu hupunguza. Hapa sipunguzi.

Mwaka ule nilikuwa napika kwenye ghala la mahindi la Mzee Kilasi, pale Makambako, upande wa chini wa barabara kubwa, ambako malori yanayokwenda Songea yanaachana na yanayokwenda Mbeya. Jiko langu lilikuwa kibanda cha mabanzi, upepo unaingia kwa mlango unatokea kwa ukuta. Nilipikia makuli kumi na wawili, karani mmoja, bosi akiwepo, na mpimaji. Ugali na maharage Jumatatu, ugali na maharage Jumanne, Jumatano ugali na mboga ya maboga, na dagaa wakipatikana. Kutoka jikoni kwangu mpaka chumba cha mizani ni hatua ishirini. Hicho chumba nikifumba macho nakiona: sakafu ya saruji iliyopasuka, dirisha moja lenye kioo nusu na boksi nusu, meza ya mbao, juu ya meza kisanduku cha chuma chenye namba nyekundu, chini ya meza betri ya lori, na pembeni jukwaa la bati nene ambako magunia yanapandishwa. Harufu ya vumbi la mahindi na magunia ya katani. Na baridi. Mtu wa pwani akisikia Tanzania anafikiri joto. Mwezi wa saba Makambako asubuhi ukimwaga maji ya kuoshea vyombo, yanafika chini yakiwa yanajuta.

Mpimaji ndiye alikuwa Alfonsi. Mrefu, shingo ndefu kama anachungulia juu ya uzio, sauti ndogo. Gunia likipanda, namba zikitulia, anageuza kisanduku kumwelekea mwenye mali na kusema, "Mia na moja. Umeona, mama?" Hata kama mama hajui kusoma, anamwonyesha. Mimi pia sikujua kusoma, shule nilipita nje yake tu nikiwa nimebeba kuni, na namba zote ninazozijua mpaka leo nilifundishwa na Alfonsi kwenye kile kisanduku, mchana wageni wakiwa hawapo. "Hii inafanana na nini, Tabita?" "Na bata." "Basi bata ni mbili." Mimi nilikuwa namhifadhia ukoko wa ugali kwenye kifuniko, kwa sababu alikuwa anaupenda, na mchana nikimaliza kupika nilikuwa nalibeba jiko la mkaa lenye makaa yaliyobaki nakwenda kuliweka chini ya meza yake apate kuota miguu. Mapenzi ya Makambako ndiyo hayo, siyo maua. Mshenga wake alikuwa amekwisha kwenda kwetu mara mbili. Msimu ukiisha, tunafunga ndoa. Nalisema mapema ili ujue kilichokuwa kinapimwa mwaka ule hakikuwa mahindi peke yake.

Hiyo mizani Mzee Kilasi aliinunua Mbeya, imeshatumika kwa mtu mwingine. Mzee Kilasi alikuwa anaongea kama ana mafua tangu kuzaliwa, na kila neno analirudia kana kwamba la kwanza lilikuwa la kujaribu. "Mizani hii, mizani hii, ni ya kisasa, ya kisasa. Hakuna tena, hakuna tena, mambo ya kuning'iniza gunia kama ng'ombe." Ikafanya kazi siku nne, ya tano namba zikaanza kucheza ngoma zenyewe, jukwaa tupu linasema kilo mia tatu. Akaitwa fundi kutoka Mbeya, jina lake Edson, kaja na begi la ngozi na sanduku la mawe ya mizani, vile vyuma vya kilo ishirini ishirini vyenye muhuri, vitano. Nilimshuku tangu alipokataa chai. Mtu anayekataa chai ya tangawizi Makambako mwezi wa sita ana anachoficha, au tumbo linamsumbua. Kumbe lilikuwa tumbo.

Fundi Edson alikuwa anaongea kama mhubiri, anauliza mwenyewe anajibu mwenyewe. "Chini ya jukwaa hili kuna nini? Kuna vyuma vinne. Vyuma hivi vinafanya nini? Mzigo ukikaa, vinajikunja. Jicho linaona? Haliwezi kuona. Vikijikunja vinatoa umeme, na umeme wenyewe ni mdogo kuliko nini? Kuliko kitu chochote unachokijua. Sasa nani ataukuza? Kisanduku hiki. Hii ni amplifaya." Alfonsi akauliza, "Kama ile ya kwaya?" Fundi akasema, "Kama ile ya kwaya. Ila ya kwaya ikikosea mnasikia. Hii ikikosea, hamsikii." Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria, maneno hayo nikayameza. Akafungua kisanduku, akakuta kidude kimoja kimeungua, kadogo kama kipisi cha njiti ya kiberiti. Akapekua begi lake lote hana. Akamwomba karani redio yake mbovu, akang'oa kidude kama hicho, akakichomelea kwa risasi, akasema, "Kitafaa." Halafu akaanza kutetemeka. Manyunyu yalikuwa yanaingia kwa lile boksi la dirishani, vidole vyake vimekuwa vyeupe kama vya mfu, na skrubu anazotakiwa kuzungusha ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Bisibisi ikawa inateleza. Sasa kwetu mgeni hapewi maji kwanza. Mgeni anapewa moto, maji yatafuata. Nikakimbia jikoni, nikajaza jiko makaa mekundu, nikaliweka juu ya tofali pale mezani kabisa, karibu na mikono yake na karibu na kile kisanduku. Akanishukuru mpaka akasahau kuuliza. "Mungu akupe nini, dada? Akupe mume." Nikamwambia, "Ameshanipa, ndiye huyo ameshika tochi." Alfonsi akaangalia chini.

Basi akapima kisanduku chake, na kazi ile niliipenda, naweza kuisimulia kama mtu anavyosimulia harusi. Kwanza alikiwasha akakiacha, akasema lazima kipate joto lake mwenyewe, hakiguswi. Akafagia jukwaa, hata punje zilizonasa pembeni akaziokota. Likiwa tupu, akazungusha skrubu ya kwanza mpaka namba ikasema sifuri. Halafu akapandisha yale mawe moja moja, yote matano, ambayo ni kilo mia. Kisanduku kikasema tisini na tatu. Akazungusha skrubu ya pili polepole, kama unavyoongeza unga, mpaka ikasema mia. Akashusha yote: sifuri imesogea kidogo. Akairudisha. Akapandisha tena: mia imesogea kidogo. Akairudisha. Hivyo hivyo mara nne, mpaka zote mbili zikatulia. Akapima akishusha, themanini, sitini, arobaini. Akaweka mawe kwenye pembe hii na pembe ile kuona kama pembe zinakubaliana. Mwisho akachukua rangi nyekundu ya kucha akadondoshea juu ya skrubu zote mbili. "Rangi hii ni ya nini? Ni ya kuaminiana. Ikipasuka, mtu amechezea." Mzee Kilasi akapiga makofi mara mbili, kama kawaida yake.

Msimu ukaanza. Sasa angalia jinsi watu walivyokuwa wanakuja. Watu wa upande wa Igwachanya, wengi Walutheri wenzangu, walikuwa wanafika jioni, wanalala kwenye magunia yao, na alfajiri wanakuwa wa kwanza. Watu wa Kifanya na upande ule, Wakatoliki wa misheni, walikuwa wanaletwa na lori moja linalozunguka Njombe, linafika baada ya saa saba. Na Alfonsi ni wa Kifanya. Unaona tayari jambo linavyojipanga lenyewe. Asubuhi wanapimwa Walutheri, mchana wanapimwa ndugu zake.

Wiki ya tatu, nikiwa nakoroga uji, wanawake wawili wa Igwachanya wako mlangoni wanapasha mikono. Mmoja ni Mama Tumaini, mnene, mzee wa kanisa, sauti yake tamu kama anakuombea na huku anakutukana. Sikuambiwa mimi, nilisikia tu. "Mungu ambariki yule kijana, lakini asubuhi mkono wake mwepesi." Mwenzake, "Gunia langu nyumbani mia, hapa tisini na saba." "Wa lori wao mchana hawalalamiki, umeona eeh? Mungu ambariki." Basi. Maneno matatu manne, wakaingia ndani wakapimwa, wakaenda zao. Hakuna aliyelalamika kwa bosi. Hakuna aliyemtaja mtu kwa jina. Lakini mimi ule uji uliungua. Leo nikijiuliza kwa nini moyo wangu ulikimbilia kule haraka vile, napata jibu ambalo silipendi: ulikuwa unangoja. Mtu mpole namna ile, nilikuwa nawaza, haiwezekani awe mpole tu. Lazima kuna mahali anapolipia.

Ghalani tulikuwa na kengele, rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inia kwenye mti wa msindano, nagonga na nondo chakula kikiwa tayari. Rimu haili, hainywi, haina kabila wala dhehebu. Kesho yake asubuhi, Alfonsi akiwa amekwenda kunawa, niliishusha, nikaiviringisha mpaka kwenye jukwaa. Jukwaa tupu, kisanduku kilisema sifuri, safi. Rimu ikapanda: tatu, tisa, nukta, nane. Mchana makuli wakiwa wamejilaza, Alfonsi anakula ukoko wake kwenye kivuli, nikairudisha tena: nne, moja, nukta, sifuri. Nikachukua mkaa nikachora ukutani jikoni, nyuma ya pipa la maji, mstari mmoja. Kila siku rimu ikikosana asubuhi na mchana, mstari. Kila siku ilikosana.

Sasa mtu mwenye akili angesema: kumbe hata Alfonsi akiwa hayupo mezani, mizani inakosea yenyewe, basi kijana hana hatia. Mimi nilisema: kumbe amekitegesha. Nilichungulia chini ya jukwaa nikitafuta jiwe au waya. Nilitazama ile rangi nyekundu ya kucha, iko nzima, nikasema huyu ni fundi kuliko fundi. Nilipekua koti lake, nikakuta rozari, kipande cha sabuni na kitana chenye meno manne. Siku za lori la Kifanya nilikuwa nahesabu nani anamsalimia na kwa muda gani. Mzee mmoja alimwambia "Kamwene, mwanangu," akamshika bega. Nikawaza, bega limeshikwa kwa kitu gani. Alfonsi akaniletea sweta, la bluu, zuri, sijawahi kuwa na sweta zuri kama lile. Badala ya asante nikamuuliza, "Umelipata wapi?" Akasema, "Dukani." "Duka gani?" Akanitajia. Nikaenda kuuliza dukani. Alikuwa amelinunua kweli. Nikarudi nikiwaza: lakini kwa pesa ipi. Ukishaanza kumshuku mtu, hata ukweli wake unakuwa ushahidi.

Na kila mchana niliendelea kumpelekea jiko miguuni. Nalo hilo nalisema. Nilimshuku na nilimwotesha moto, yote mawili kwa mkono mmoja.

Ikapita wiki mbili na kitu. Asubuhi moja Mama Tumaini akapandisha gunia lake, Alfonsi akageuza kisanduku, "Tisini na saba. Umeona, mama?" Mama Tumaini akasema, "Nimeona, mwanangu. Lishushe." Akalikalia. Wenzake wakauza wakaondoka, yeye amekaa juu ya gunia lake kama kuku anayeatamia, anafuma kitambaa, nikampa chai akanywa, nikampa ugali akala, hashuki. Saa nane lori la Kifanya likafika, watu wakapima. Ndipo akasimama. "Sasa lipandishe tena, Mungu akubariki." Likapanda. Mia kamili. Mama Tumaini akageukia watu wa lori, na sauti yake ni ile ile tamu, "Ndugu zangu wa misheni, kumbe gunia likikaa karibu na nyinyi linaongezeka. Huyu kijana wenu ni Bwana wetu wa mikate mitano." Mtu mmoja wa Kifanya akasema, "Mama, angalia mdomo." Mwingine wa Igwachanya akasema, "Aangalie mdomo kwa nini, mwizi si huyu hapa." Wakashikana mashati kwenye vumbi la mahindi. Mzee Kilasi akatoka, "Tulieni, tulieni. Fundi aitwe, fundi aitwe. Rangi ikiwa imepasuka, ni mizani imeharibiwa. Rangi ikiwa nzima, nzima, mizani haijaguswa, ni Alfonsi." Karani akaenda kutazama na tochi, akarudi. "Nzima, bosi." Sifuri wakaijaribu mbele ya watu wote, jukwaa tupu, ikasema sifuri. Alfonsi akavua ufunguo wa chumba shingoni akamkabidhi karani. Akaambiwa asiingie mpaka fundi afike Jumamosi, na kama ni yeye, polisi. Alipopita jikoni kwangu alisimama. Alikuwa anangoja nimwambie neno. Nilikuwa nasugua sufuria. Niliisugua mpaka akaondoka.

Siku tatu alikaa nje ya geti, juu ya jiwe, na kofia yake. Hakuenda kwao. Ukikimbia umekiri, ndivyo alivyowaambia makuli. Mimi asubuhi ya Ijumaa, karani ameniachia ufunguo nifagie, nikasema leo ndiyo leo. Mwizi yuko nje ya geti, namwona kwa dirisha. Leo rimu itasema kweli asubuhi kama mchana. Nikaipandisha. Tatu, tisa, nukta, nane.

Niliogopa. Sijui kama nimewahi kuogopa namna ile, hata kujifungua. Baridi ilikuwa inakata, nikasema ngoja nilete jiko nikae niitazame hii kitu mpaka nione nani anaichezea. Nikaliweka chini ya meza mahali pake pa kila siku, nikajikunyata. Namba ile imekaa. Nikaota moto. Baada ya muda, nane ikawa tisa. Hakuna mtu aliyeingia. Halafu namba zote zikabadilika, nne na sifuri. Rimu inanenepa peke yake. Nikalitoa jiko nje, nikang'oa lile boksi dirishani upepo uingie, nikangoja mpaka meno yanagongana: ikaanza kurudi, tatu na tisa. Nikalirudisha jiko: ikapanda. Nilifanya hivyo mara nne kama Fundi Edson na skrubu zake, na mara ya nne nikakaa chini sakafuni. Nilikumbuka vidole vyake vyeupe, na tofali mezani, na makaa mekundu pembeni ya kisanduku siku anakizungusha. Kile kidude cha redio kilikuwa kinaogopa baridi. Kilipimwa kwenye joto langu, kikawa kinasema kweli pale tu penye joto langu. Mchana nilipoleta jiko kwa mapenzi, watu wa Kifanya walipimwa sawa. Asubuhi nilipokuwa bado napika, watu wa Igwachanya walipunjwa. Na sifuri haikuonyesha kitu, kwa sababu kisanduku kile kisipobebeshwa mzigo kilikuwa mkweli wa kutupwa.

Siku hizi nikienda kuuza parachichi zangu, wanunuzi wanakuja na vimizani vyao vya kuning'iniza, vya namba, nami nabeba jiwe langu kwenye kapu. Nalipima kwanza. Vijana wanacheka, "Bibi, huamini hata mashine?" Nawaambia mashine naiamini, nataka kujua tu imelala wapi usiku.

Jumamosi fundi akafika, na safari hii alikunywa chai. Wakaja watu wa Igwachanya, wakaja wa Kifanya, wamesimama pande mbili kama siku ya kwaya kushindana. Alfonsi akaitwa ndani, akasimama karibu na mlango. Kabla fundi hajafungua begi nikasema, "Fundi, shikamoo. Usifungue. Pandisha mawe yako sasa hivi, chumba kikiwa na baridi." Mzee Kilasi akasema, "Mpishi, mpishi anasema nini?" Fundi akanitazama, akapandisha mawe matano. Tisini na saba. Watu wa Igwachanya wakanung'unika. Nikalileta jiko, nikaliweka. Nikawaambia wangoje. Walingoja kama wanangoja mtoto kuzaliwa. Tisini na nane. Tisini na tisa. Mama Tumaini alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa namba. Mia. Mhubiri akamrudia Fundi Edson, lakini kwa sauti ndogo. "Siku ile moto ulikuwa wapi? Ulikuwa mezani. Nani aliuweka?" Nikasema, "Mimi." "Na nani alipaswa kuukataa?" Akajijibu mwenyewe, "Mimi." Akang'oa kile kidude, safari hii alikuwa amekuja nacho cha kwake, akapima upya, asubuhi ile ile, dirisha wazi, anatetemeka, na jiko nje.

Mama Tumaini akamwendea Alfonsi, akamshika mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu. Nilisema neno baya." Alfonsi akasema, "Yamekwisha, mama." Yule mtu wa Kifanya akamsalimia aliyeshikana naye shati. Mzee Kilasi akasema msafi ni msafi, msafi ni msafi, akamrudishia ufunguo. Mimi nilikuwa nimevimba kwa furaha. Nilimshika Alfonsi mkono mbele za watu, nikamvuta mpaka jikoni, nikasogeza pipa la maji. Nilitaka aone kazi yangu. Mtu ambaye hajasoma, kwa mkaa na rimu. Nikamwambia ile yote, jinsi nilivyoishusha kengele, jinsi nilivyongoja akienda kunawa, jinsi nilivyosoma namba alizonifundisha. Alisikiliza kwa ile shingo yake ndefu. Kisha akainama, akaanza kuhesabu mistari kwa kidole, mmoja mmoja, hakuruka hata mmoja. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo akahesabu tena.

"Mama Tumaini alilikalia gunia lake Jumatano," akasema. "Mistari hii ni ya siku kumi na tisa."

Nikamwambia nilisikia tu wanawake wanaongea mlangoni, nikataka kuhakikisha.

Akasimama, akafuta kidole chenye mkaa kwenye suruali yake.

"Wale walikuwa na mahindi yao humu, Tabita. Wewe hukuwa na hata punje."